Waliohesabu Juani

Chumba walichompa mpelelezi kilikuwa stoo ya alama za barabarani. Nyuma ya kiti chake vibao vilikuwa vimeegemea ukuta kama jopo la majaji wenye nyuso nyekundu, na kila aliyeingia kuhojiwa alijikuta akiamriwa, kabla hajaulizwa lolote, asimame, apunguze mwendo na awe mwangalifu na wanafunzi wanaovuka.

Mpelelezi mwenyewe alijulikana manispaa nzima kwa jina la Koti. Alilivaa jua likiwaka, alilivaa feni ikiwa imeharibika, kwa imani thabiti kwamba mpelelezi asiye na koti ni mwananchi tu anayeuliza maswali. Asubuhi hiyo alikuwa amelifunga vifungo vyote. Mbele yake alikaa msimamizi wa wahesabuji, mwanamke mwembamba ambaye kila mtu alimwita Filimbi, kwa sababu ya ile iliyoning'inia shingoni mwake.

"Ivue," Koti alisema.

"Nini?"

"Filimbi. Hapa hatuanzi mechi."

Filimbi akaivua, akaiweka mezani kwa heshima, kama mtu anayekabidhi silaha.

"Siku ya hesabu, Bondeni ulimpeleka nani?"

"Sikumpeleka mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mzimu."

Koti akaandika. Jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Mji ulikuwa unakua kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza, kila likizo suruali fupi. Palipokuwa na shamba juzi, leo pana mtaa, duka la vocha na kesi ya mpaka. Barabara zilibaki zile zile. Idara ya Mipango ya Usafiri ilikuwa imepata kibali cha kujenga barabara moja ya mabasi ya haraka, moja tu, na mezani kulikuwa na mistari miwili: mmoja unapita Bondeni, mwingine unapita Mlimani. Ili kuchagua, wahesabuji waliketi kutwa nzima kwenye kila njia panda, kila mmoja na kibofyo chake mkononi, wakibofya kila anapopita mtu au gari.

Hesabu ikasema Bondeni hakuna wasafiri wa maana.

Watu wa Bondeni, ambao kila alfajiri hupanda kilima kwa miguu wameshika viatu mkononi ili wasifike kazini na matope, walikuja hadi getini kuuliza ni nani aliyewahesabu, maana wao hawakumwona. Na Filimbi, badala ya kujificha chooni kama wenzake, alitoka akawaambia ukweli wake: hakumtuma mtu.

Kwa kauli hiyo alisimamishwa kazi. Mkuu wa Mipango alisema hesabu ni halali, wahesabuji walikuwepo, na Filimbi amenunuliwa na watu wa Bondeni ili auharibu mradi. Kamati ya nidhamu ingekaa saa kumi jioni. Askari walikuwa wameshaombwa waje. Kama Koti hangeleta jambo jingine kabla ya hapo, Filimbi angetoka kikaoni ameshikwa mkono, na mwanawe, ambaye hata hajaacha kunyonya, angebaki kwa jirani.

"Mkuu anasema uliwatuma wasichana wawili," Koti alisema.

"Mkuu aliniambia Bondeni niiache. Alisema ana vijana wake wa mafunzo, atawaweka mwenyewe."

"Alikuambia wapi?"

"Kwenye ngazi. Yeye anapanda, mimi nashuka."

"Mbele ya shahidi gani?"

"Ngazi."

Koti akamtazama. Filimbi hakuwa anacheka.

"Unajua kwamba Mkuu ni dada yangu?"

"Kila mtu anajua. Mlinzi wa geti anajua. Ndiyo maana leo nimekuja na nguo za kubadilisha." Akausogeza kwa mguu mfuko uliokuwa chini ya kiti. "Wananiambia huko rumande kuna baridi."

---

Ofisi ya Dada ilikuwa ghorofa ya juu kabisa. Hakuna aliyeona ajabu kwamba mdogo mtu anapeleleza idara ya mkubwa wake, kwa kuwa mkubwa alikuwa mlalamikaji, na ni yeye aliyeomba apewe Koti na si mtu mwingine. Koti alikuwa ameipokea barua hiyo ya uteuzi kwa kifua mbele. Dada ndiye aliyempeleka bweni siku ya kwanza, akamtandikia kitanda, akamkabidhi ufunguo wa sanduku pamoja na mafunzo yote ya maisha kwa kifupi: hapa usimwamini mtu isipokuwa mimi.

"Mdogo wangu, umekula?"

"Nitakula."

"Utakula lini? Hilo koti ndilo linalokusimamisha, ndani hamna mtu." Dada akamimina chai bila kusubiri jibu. Ukutani ramani ya mji ilijaa pini na nyuzi. "Haya, niulize."

"Filimbi anasema ulimwambia aiache Bondeni."

"Ulitegemea aseme nini? Kwamba kahongwa?"

"Wewe una uhakika wahesabuji walikuwepo?"

"Nilipita pale mwenyewe. Saa tisa alasiri. Wasichana wawili, wamekaa chini ya ukuta wa kiwanda cha mbao, mmoja ana kofia ya njano. Wanabofya kwa bidii. Niliwapungia mkono hata."

"Walikupungia?"

"Mmoja." Dada akamsogezea kikombe. "Filimbi anawaficha tu. Kunywa, itapoa."

Koti akanywa. Akaandika: kofia ya njano, ukuta wa kiwanda cha mbao, saa tisa. Ushahidi wa macho, tena wa mtu mzima, tena wa Dada. Akashuka ngazi akiwa na yakini kwamba kama kuna mwizi katika jambo hili, basi yuko mahali pengine, na pengine mahali penyewe pana kiyoyozi.

Kiyoyozi pekee katika jengo hilo kilikuwa kwa Bwana Kompyuta. Huyu ndiye aliyepokea hesabu za njia panda zote na kuzigeuza kuwa picha ya mji unaosafiri. Mtu mwenye uwezo wa kuufuta mtaa mzima kwa kidole kimoja. Tena alikuwa na nyumba Mlimani. Koti aliingia bila kubisha.

"Ukiwa nyumbani kwako," alisema, "barabara ya mabasi itapita umbali gani na mlango?"

"Mlango upi?" Bwana Kompyuta hakugeuka kutoka kwenye kioo cha kompyuta. "Wa mbele au wa chumbani? Maana chumbani inaingia kabisa. Wapima walishanichorea alama nyekundu ukutani. Mke wangu ameitundikia kalenda."

"Kwa hiyo ungependa ipite Bondeni."

"Ningependa ipite hata mwezini."

Mshukiwa mzuri kama yule, mwenye kiyoyozi na kila kitu, akayeyuka hivyo hivyo. Koti hakutaka kuondoka mikono mitupu.

"Hesabu ya Bondeni ilikujaje? Kuna kitu chochote cha ajabu?"

Sasa Bwana Kompyuta akageuka, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyeulizwa kuhusu mjukuu.

"Cha ajabu? Ile ndiyo hesabu safi kuliko zote. Unajua tatizo la wahesabuji wetu ni nini?"

"Niambie."

"Kivuli. Asubuhi mhesabuji anakaa upande mmoja wa barabara. Anabofya wanaokwenda kulia, anabofya wanaokwenda kushoto. Jua likishapita utosini, kivuli kinahamia ng'ambo, naye anakifuata. Sasa akiwa ng'ambo, kulia kwake kumekuwa kushoto, lakini yeye anaendelea kubofya vile vile. Nikifungua hapa naona mji mzima asubuhi unakwenda kazini, na jioni unakwenda kazini tena. Hakuna anayerudi nyumbani. Mara ya kwanza nilidhani tuna janga."

"Inatokea njia panda zote?"

"Zote, kila tukihesabu. Tumewafundisha, tumewachorea mishale, Filimbi amewapulizia mpaka mapafu yakachoka. Wapi. Basi nawageuza mwenyewe, mmoja mmoja, kama chapati." Akatabasamu. "Isipokuwa Bondeni. Bondeni asubuhi wanakwenda, jioni wanarudi, kama watu wenye akili. Sikugusa hata tarakimu. Nikiwajua wale wahesabuji nawanunulia kombe."

Kalamu ya Koti ilisimama. Likizo mbili za shule alikuwa amefanya kazi ile ile, kibofyo mkononi, na kama kuna jambo aliloondoka nalo ni kwamba hakuna mhesabuji duniani anayebaki juani wakati kivuli kiko hatua chache. Angeweza kuacha kazi. Angeweza kuacha hata kuhesabu. Kuvuka, lazima avuke.

Akafungua kifungo cha kwanza cha koti.

"Saa tisa alasiri," alisema, "pale Bondeni, kivuli kiko upande gani?"

"Mimi?" Bwana Kompyuta akarudi kwenye kioo chake. "Mimi sijatoka nje tangu wafunge hiki kiyoyozi."

---

Ukuta wa kiwanda cha mbao ulikuwa wa bati kutoka mwanzo hadi mwisho. Saa tisa ilipofika, Koti alijikunyata chini yake, mahali hasa palipotajwa na Dada, akaegemeza mgongo. Akautoa. Jua lilikuwa limeushika ukuta ule uso kwa uso na halikuwa na haraka ya kwenda popote. Ng'ambo ya barabara, baraza ya duka la viatu ilikuwa kwenye kivuli kizito, na watu walikuwa wamejipanga humo kama nyanya sokoni.

"Anti," muuza viatu alimwita Koti, "umeadhibiwa?"

"Nafanya kazi."

"Na koti?"

"Na koti."

Muuza viatu akashauriana na wenzake. "Hamia huku, hatuna ubaya."

"Umewahi kuona mtu anakaa hapa saa hizi?"

"Hapo? Mjusi tu. Tena na yeye anapita mbio."

"Wasichana wawili, mmoja ana kofia ya njano?"

"Wangekuwa hapo tungewaona. Sisi hapa kazi yetu kubwa ni kuangalia watu, viatu tunauza baadaye."

Jasho lilikuwa limeshafika kwenye soksi. Koti alivumilia kwa muda ambao mpelelezi mwenye adabu hupaswa kuvumilia, kisha akavuka barabara, kama angevuka mhesabuji yeyote. Kwa hiyo wahesabuji wale hawakuwa wamebaki juani. Hawakuwa wamekaa popote. Mtu alikaa ofisini akaibuni siku nzima ya Bondeni, akawapeleka watu asubuhi na kuwarudisha jioni kwa utaratibu mzuri, kwa sababu hakuwahi kushika kibofyo na hakujua kwamba hesabu ya kweli huharibika mchana. Na Dada alisema amewaona. Alipungiwa hata mkono.

Palibaki dirisha moja linalotazama njia panda ile. Lilikuwa la Mama.

Mama alikuwa fundi cherehani, na cherehani ilikuwa dirishani kwa sababu ya mwanga na kwa sababu ya habari. Hakuna mtu aliyefukuzwa, aliyeoa wala aliyenunua godoro Bondeni bila dirisha lile kujua.

"Karibu mwanangu. Mbona umelowa?"

"Jua. Shikamoo Mama."

"Marahaba. Vua hilo zulia basi."

"Mama, siku ile wanahesabu magari. Uliona wahesabuji pale njia panda?"

Cherehani iliendelea. Mshono ulifika mwisho wa kitambaa, ukapita, sindano ikawa inashona hewa.

"Kichwa kiliniuma siku hiyo," Mama alisema.

"Ulilala?"

"Kiliniuma tu."

"Hukuchungulia hata mara moja?"

"Mwulize dada yako mambo ya ofisini. Mimi najua nini?" Akakata uzi kwa meno, akaanza kutunga mwingine, na tundu la sindano likamkataa mara kadhaa. "Nikupakulie?"

"Nitarudi, Mama."

Alipofika mlangoni alisikia cherehani imesimama. Ilisimama kabisa, na haikuanza tena mpaka alipofika barabarani.

---

Dada alikuwa anapanga makabrasha ya kikao. Koti alifunga mlango nyuma yake.

"Ile kofia ya njano," alisema. "Ilikuwa ya kitambaa au ya plastiki?"

"Kitambaa. Kwa nini?"

"Ya plastiki ingeyeyuka. Nimetoka kukaa pale saa ile ile. Hakuna mtu anayekaa pale, Dada. Wahesabuji wote wa mji huu huvuka mchana, na wakivuka hesabu yao inageuka. Bwana Kompyuta amegeuza njia panda zote isipokuwa Bondeni. Bondeni haikuhesabiwa. Iliandikwa."

Dada alilinganisha kingo za makabrasha, akayagonga mezani, akayalinganisha tena.

"Mama kakuambia."

"Mama hakuniambia kitu. Wewe ndiye unayeniambia sasa kwamba kulikuwa na cha kuniambia."

Dada alikwenda kwenye ramani, akaweka kidole kwenye uzi wa Bondeni, akakisogeza polepole mpaka kikasimama.

"Hapa ni sebuleni kwa Mama. Si kando, si uani. Sebuleni. Alikuja akakaa kwenye kiti hicho akalia, akaniambia nimfanyie nitakalo lakini nisimtoe pale. Nikamwambia hatoki."

"Lini?"

"Kabla ya hesabu."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ghorofa ya chini."

"Mama alikuja hadi jengo hili, akalia, akaondoka, na mimi niko ghorofa ya chini."

"Alipitia mlango wa nyuma. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Kwa nini hamkuniita?"

"Kwa sababu ungeandika." Dada alisema bila ukali, kama mtu anayetaja kimo cha mwenzake. "Wewe ukiambiwa kitu unaandika. Hata shuleni, wenzako walikukimbia kwa sababu ya kalamu yako."

"Na watu wa Bondeni waendelee kupanda kilima."

"Wamepanda siku zote."

"Filimbi ana mtoto mchanga."

"Nilimwambia aiache Bondeni na anyamaze. Angenyamaza asingeguswa. Nani alimtuma getini?" Akarudi kwenye kiti. "Msikilize vizuri mkubwa wako. Andika kwamba ushahidi haukutosha. Askari watarudi kwao, Filimbi atapata onyo, Mama atabaki na nyumba. Hakuna anayekufa."

"Na hesabu inabaki."

"Inabaki."

Koti akafungua kifungo cha mwisho. Koti lilining'inia wazi, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alionekana kama mwananchi tu anayeuliza maswali.

"Uliomba mpelelezi wewe mwenyewe, ukanitaja mimi. Kwa nini?"

"Kamati ilisema lazima awepo mtu. Mtu mwingine angeanza na mimi." Dada alitazama kikombe cha asubuhi, ambacho hakuna aliyekuwa amekiondoa. "Wewe ulianza na chai."

---

Saa kumi kamati ilikaa. Mwenyekiti, mzee aliyependa vikao vifupi, aliuliza kama mpelelezi amempata mwenye hatia. Koti alisimama, akasema amempata, na si Filimbi. Akataja cheo. Hakutaja undugu, na mwenyekiti, ambaye aliujua kama alivyoujua mlinzi wa geti, akavua miwani yake akaanza kuifuta.

Bwana Kompyuta aliitwa, akaja akitetemeka kwa joto la kawaida, akaeleza habari ya kivuli. Wajumbe wawili walicheka. Kisha mwenyekiti akamwuliza Mkuu wa Mipango swali moja: wale wasichana wa chini ya ukuta ni akina nani, waitwe. Dada hakumtazama mwenyekiti. Alimtazama mdogo wake, muda mrefu, kama anayempa nafasi ya mwisho ya kukohoa, kuangusha kalamu, kufanya lolote.

Koti hakukohoa.

"Hawakuwepo," Dada alisema.

Hesabu ya Bondeni ikafutwa, ikaamriwa ifanywe upya. Askari, ambao walikuwa wameletwa kwa kazi moja, waliuliza mlangoni wamchukue nani sasa, na walipojibiwa wakaomba waambiwe tena. Filimbi alipita mbio kwenye korido bila kusema asante. Alikuwa anamwahi mtoto.

Koti alibaki kwenye benchi la korido. Kupitia dirishani aliona Dada akiingizwa kwenye gari, akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, ameketi wima kama anakwenda mkutanoni. Gari likatoka getini, likakwama palepale kwenye foleni ya jioni, likasimama muda mrefu ambapo kila mtu ofisini aliweza kuliona.

Simu ikatetemeka mfukoni. Aliitoa akidhani ni mwenyekiti anataka ripoti.

Haikuwa simu ya kupigwa. Ilikuwa taarifa fupi kutoka kundi la familia, lile la watu watatu, ambalo kila asubuhi Mama hutumia kuwatakia siku njema kwa picha ya ua. Taarifa ilisema kwamba yeye si mmoja wa kundi tena. Aliyemtoa ni Mama.

Koti aliisoma, akaisoma tena. Mama hakuwa mtu wa simu. Juma lililopita tu alikuwa amempigia kuuliza mtu akitaka kuondoa kitu kisichotakiwa anabonyeza wapi, na Koti, aliyekuwa kazini, aliacha kila kitu akamfundisha taratibu, kidole kwa kidole, akirudia kila hatua mpaka Mama aliposema sasa nimeelewa, mwanangu, asante.